Funguo Unamwachia Nani?

Kila nikitaja askari wa Buckingham, kasri la mfalme wa Uingereza, lazima mtu wa nyuma acheke. Leo ni nani? Haya, cheka umalize, maana haya nimeyasema mara nyingi na bado hayajawaingia.

Mnakwenda London, mnapiga picha makofia yao marefu ya manyoya, mnarudi kutuambia mmeona "maonyesho". Maonyesho ya nini? Yale ni makabidhiano ya lindo.

Mimi kabla ya ualimu nililinda ghala. Zamu ya usiku ilikwisha saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja mwenzangu hakutokea. Saa moja, saa mbili, mvua inamwagika, mama ntilie wa getini keshaanza kukaanga maandazi na harufu inanifikia palepale nilipo, funguo mkononi. Sasa niondoke, funguo nimwachie nani, paka? Alikuja saa tatu na visingizio vyake. Hata salamu hatukupeana. Nikamhesabia makufuli moja moja, nikamtia funguo kiganjani, ndipo nikaenda kunywa chai.

Sasa nendeni pale kasri saa tano asubuhi. Achaneni na bendi. Watazameni makapteni wawili, wa lindo linalotoka na wa lindo linaloingia. Wanasogeleana mpaka mikono yao ya kushoto inagusana. Basi, funguo zimekabidhiwa, kwa ishara. Gwaride la dakika kama 45 na kiini chake ni mguso ule, nanyi wakati huo mnatazama tarumbeta!

Mtaniambia, mwalimu, siku hizi wanaolinda hasa ni polisi wenye silaha. Najua wapo. Lakini msiniambie wale wa kofia ni waigizaji. Mwaka 1982 Scots Guards, kimojawapo cha vikosi vyao, walipigana usiku kuuteka mlima Tumbledown, kule visiwa vya Falklands. Na Mei 2019, hapa kwa jirani zetu Malawi, askari wa Coldstream, kikosi kingine chao, aliuawa na tembo hifadhini Liwonde, akiwa kwenye doria ya kuzuia ujangili. Mwigizaji gani huyo?

Vikosi mtavijua kwa vifungo vya kifuani vilivyopangwa. Grenadier kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, Scots vitatu vitatu, Irish vinne, Welsh vitano. Coldstream waliundwa 1650, Grenadier 1656, ila Grenadier ndio wakubwa kwa sababu Coldstream walitoka jeshi la Cromwell, adui wa mfalme, kwa mfalme wakaingia baadaye. Coldstream hawajakubali kuitwa wa pili mpaka leo. Kwenye mstari wanakwenda kusimama mwisho kabisa, kushoto, ili wasiwe wa pili kwa mtu. Ubishi huo una… naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kofia za ngozi ya dubu tuziache.

Anayesafiri aandike: kwa kawaida ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Mvua ikiwa kubwa wanafuta sherehe. Sisi wa ghalani mvua ilikuwa yetu.