Mgonjwa wa Papai

Baraza la Saa Kumi, Mtwara. Mazungumzo ya Somoe na Chande, yameandikwa kutoka kwenye sauti.

SOMOE: Karibuni barazani. Mimi Somoe, genge langu bado lipo Chuno, na mwenzangu ndiye yuleyule. Kaka Chande, kabla hatujaenda popote, mgonjwa anaendeleaje?

CHANDE: Umeanza.

SOMOE: Siyo mimi. Watu wamenitumia ujumbe, wanauliza.

CHANDE: Jamani, naomba niseme mara moja isikike mpaka Msimbati. Nyumbani kwangu hakuna anayeumwa.

SOMOE: Basi waeleze, maana mimi nikieleza utasema nimeongeza chumvi.

CHANDE: Jumanne nimetoka sokoni nimenunua papai. Moja, kubwa, limeiva. Nimelibeba mkononi, mfuko sina. Na hapo ndipo ubaya ulipo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, tunda kubwa ukilinunua mtaa mzima unalijua. Zamani ungelitia kwenye kile kimfuko cheusi ukapita zako.

SOMOE: Ukapita kama umebeba nyama.

CHANDE: Basi nafika kwa fundi baiskeli, "Kaka Chande, nani anaumwa?" Nikamwambia hakuna. "Haya, pole lakini." Mbele kidogo mama wa vitumbua naye, "Amelazwa Ligula au yupo nyumbani?" Nikasema mama, hakuna mgonjwa, papai la kwangu mwenyewe. Akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye ndala. Akashusha sauti: "Kumbe ni wewe. Ni choo?"

SOMOE: (anacheka) Naomba dakika.

CHANDE: Cheka tu. Mwanamume mzima nina akili zangu, nimenunua tunda kwa hela yangu, naulizwa habari za choo barabarani.

SOMOE: Ulimjibuje?

CHANDE: Nilimwambia asante. Ungemjibu nini? Jioni naanza kulikata, hodi. Jirani na bakuli la uji wa ulezi, kaufunika na sahani. "Nimesikia mna mgonjwa." Mke wangu akaupokea!

SOMOE: Uji haurudishwi.

CHANDE: Ndivyo alivyosema yeye. Sasa usiku nafungua simu, kwenye grupu la mtaa mtu ameandika "jirani yetu anauguza, tusimwache peke yake." Chini yake orodha ya majina. Elfu moja, elfu mbili, mmoja ametoa elfu tano. Nakuja kushtuka imefika elfu ishirini na tatu.

SOMOE: Na mimi nilitoa.

CHANDE: Wewe ulijua!

SOMOE: Nilijua, lakini orodha inasomwa na watu wote. Ningekaaje bila jina pale?

CHANDE: Sasa mweka hazina nimemwambia hela hii si halali yangu, irudi kwa wenyewe. Anakataa. Anasema hela ya mgonjwa hairudishwi, ukiirudisha unamwita mgonjwa wa kweli.

SOMOE: Yuko sahihi.

CHANDE: Yuko sahihi wapi? Mgonjwa hayupo!

SOMOE: Ndiyo hapo sasa. Ukiirudisha atapatikana. Ikae tu. Siku moja mtu wa mtaani ataumwa kweli, itakuwa tayari ipo.

CHANDE: Kwa hiyo nakaa nayo naomba jirani augue?

SOMOE: Sijasema uombe. Tuendelee. Leo una karatasi, naona umeandika mambo matano.

CHANDE: Mambo matano ya kumsaidia mtu mzima ale matunda na mboga. Nimeyapanga vizuri. Ila nianze na kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu themanini themanini, matunda na mboga kwa pamoja. Viazi na muhogo havimo.

SOMOE: Muhogo haumo?

CHANDE: Haumo. Huo unahesabiwa na wanga.

SOMOE: Basi Mtwara tumefeli kabla ya mtihani.

CHANDE: Kisamvu kimo.

SOMOE: Ahsante. Kumbe mti mmoja, majani yamefaulu, mizizi imefeli.

CHANDE: Na hatuko peke yetu. Ule utafiti wa taifa wa mwaka 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza, waliohojiwa ni watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Zaidi ya asilimia 95 hawafikii hayo mafungu matano. Hapo umo wewe, nimo mimi, mwalimu yumo, hata daktari wako yumo. Na mimi najiuliza kwa nini, na jibu nimelipata Jumanne barabarani. Tunda kwetu lina watu wake. Mtoto, mjamzito, mgonjwa. Mwanamume akionekana analo, kuna shida.

SOMOE: Mimi ninayeuza nikuambie. Shida ni hela.

CHANDE: Hela ipo, lakini...

SOMOE: Ngoja, nimalize. Saa kumi na mbili jioni anakuja mama na shilingi elfu moja. Nyumbani wako sita. Hachukui fungu la nyanya nzuri, anachukua masalo, zile zilizoanza kulegea, kwa sababu za mia tatu zinatosha mchuzi. Kitunguu kimoja. Inayobaki ni ya dagaa. Halafu kila siku, kaka Chande, kila siku, anashika chungwa. Analigeuza. Analirudisha palepale lilipokuwa. Yule hana habari ya kuonekana mgonjwa. Yule anapiga hesabu.

CHANDE: Huyo namkubali.

SOMOE: Na ndio wengi. Kuna utafiti wa nchi 18, ulitoka mwaka 2016 kwenye jarida la The Lancet Global Health. Walichukua mafungu hayohayo unayosema, mawili ya matunda na matatu ya mboga kwa siku, ya mtu mmoja tu. Katika nchi za kipato cha chini yalikula kama asilimia 52 ya kipato cha kaya. Nchi tajiri, asilimia mbili. Nusu ya kipato, kwa mtu mmoja! Watoto wale mawe?

CHANDE: Walipima bei za sokoni na madukani. Kisamvu cha nyuma ya nyumba kina bei gani? Matembele? Majani ya maboga, mlenda? Bibi yangu Newala alikuwa anaanika majani ya kunde wakati wa mvua, anayala mpaka kiangazi, hajawahi kufika gengeni kwako.

SOMOE: Newala! Kaka Chande, umejitaja mwenyewe. Kule juu maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Kiangazi ndoo ya maji ni hela. Nani anamwagilia mchicha kwa maji ya kununua wakati watu wanataka kuoga? Hicho kisamvu chenyewe, kuanzia Juni mikorosho inapulizwa dawa ya salfa, upepo unaipeleka kila mahali. Ukichuma wakati huo unaosha mpaka mikono inachoka.

CHANDE: Lakini bibi alikula.

SOMOE: Bibi alikuwa na shamba na muda. Mama wa kibarua hapa mjini ana chumba kimoja na karo ya shule ya watoto wanne.

CHANDE: Haya. Sasa nikuulize swali, na ujibu kama mfanyabiashara. Mimi nafanya kazi chama cha msingi, nawaona watu siku wanayolipwa korosho. Minada ikishapita, hela inaingia, mtu anapata milioni. Desemba wewe unauza mchicha zaidi au pungufu?

SOMOE: (kimya kidogo) Pungufu.

CHANDE: Rudia, maikrofoni haikukamata.

SOMOE: Pungufu. Wanahamia nyama ya mbuzi na wali.

CHANDE: Kwa hiyo hela ikija, mboga inakimbia! Kama tatizo lingekuwa hela, Desemba genge lako lingefagiliwa. Mtu akipata anataka aonekane amepata. Mgeni akija ukamwekea matembele, atakwenda kukusema. Mboga ya majani ni chakula cha siku ya shida, na kila mtu anataka shida imwishie.

SOMOE: Umechukua mchicha tu. Uliza machungwa. Uliza matikiti. Msimu wa korosho matikiti napakua asubuhi, jioni sina hata moja. Baba yuleyule ambaye Agosti hanijui anapita na pikipiki mpya, anasimama, ananunua mawili.

CHANDE: Anawapelekea watoto.

SOMOE: Amenunua!

CHANDE: Amenunua, lakini amekula?

SOMOE: Sijamfuata mpaka mezani.

CHANDE: Mimi nakwambia hakula. Amekula mbuzi, na kile kijiko cha kachumbari pembeni ndiyo mboga yake ya wiki.

SOMOE: Na mkewe? Hujamtaja. Embe likikatwa nyumbani, vipande vinakwenda kwa watoto, cha baba kinawekwa pembeni hata kama baba hakitaki, mama anabaki na kokwa. Analing'ong'ona kokwa jikoni wima. Yule hakatai tunda kwa heshima. Halimfikii.

CHANDE: Hiyo siyo hela sasa! Hiyo ni desturi. Umenisaidia.

SOMOE: Sikusaidii. Yangekuwa maembe matatu angekula.

CHANDE: Yangekuwa matatu angemgawia jirani.

SOMOE: Hebu acha. Januari yakijaa chini ya mwembe, nani anagawa? Yanaoza. Mama anakula mpaka anachoka. Ndiyo maana nasema, kikiwa rahisi watu wanakula. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ilipokatika kule Somanga, malori ya Dar hayapiti, unakumbuka nyanya? Hakuna aliyebadili desturi wiki ile. Bei ilipanda, watu wakapikia ukwaju.

CHANDE: Na barabara ilipofunguka wakarudi kwenye kiasi kilekile kidogo.

SOMOE: Kwa sababu na mfuko ni uleule!

CHANDE: Haya, na mabibo je? Yale ni bure. Vitamini C yake inalipita chungwa kwa mbali, Naliendele kwenye kituo cha utafiti wamefundisha watu kutengeneza juisi na jamu. Oktoba yamejaa chini ya kila mkorosho, tunang'oa korosho, bibo tunalitupa. Bei ni sifuri. Kwa nini watu wazima hawali?

SOMOE: Nani amekwambia hawali? Wanayanywa.

CHANDE: Uraka, pombe ya mabibo, hauhesabiwi.

SOMOE: Muhogo haumo, uraka haumo. Hiyo gramu 400 ya Shirika la Afya haikutupenda kabisa.

CHANDE: Dada Somoe, jibu.

SOMOE: Bibo linakaba koo na halikai hata siku. Ukiliokota asubuhi, jioni limechacha. Mtu anayeokota korosho kuanzia alfajiri mpaka jua kali hana nafasi ya kukamua juisi. Muda nao ni hela.

CHANDE: Kila kitu kwako ni hela.

SOMOE: Kwa sababu mimi ndiye ninayekopwa. Wewe njoo ukae gengeni wiki moja, ushike lile daftari la madeni, halafu uniambie habari za heshima.

CHANDE: Na wewe beba papai kutoka sokoni mpaka Magomeni.

SOMOE: Mimi mwanamke, hawataniuliza choo. Wataniuliza mimba.

CHANDE: (anacheka) Unaona! Unaona! Kila mtu ana swali lake. Ndiyo ninachosema tangu mwanzo.

SOMOE: Wataniuliza, na nitalila. Hakuna aliyeacha kula tunda kwa sababu ya kuulizwa. Wewe mwenyewe uliacha?

CHANDE: Nilikula vipande viwili. Lililobaki tuliwapa waliokuja kumwona mgonjwa.

SOMOE: Kwa hiyo ulikuwa na wageni, umewakaribisha matunda, na hakuna aliyekwenda kukusema.

CHANDE: Wale walidhani ni mabaki ya mgonjwa, wanakula kwa huruma. Hiyo haihesabiwi.

SOMOE: Hiyo hela ya mchango basi, nunua nayo machungwa, yapeleke kwenye kikao cha mtaa. Elfu ishirini na tatu unapata gunia dogo, na mimi nakupunguzia.

CHANDE: Umejua kuvuta biashara. Na mweka hazina atasema nimekula hela ya mgonjwa.

SOMOE: Mwambie mgonjwa amepona, anashukuru.

CHANDE: Yaani nidanganye kwamba alikuwepo?

SOMOE: Umeshapokea uji. Umechelewa kusema hakuwepo.

CHANDE: Jamani, huyu mshika mitambo ananionyesha mkono. Dakika ngapi? Mbili. Na mambo yangu matano?

SOMOE: Soma haraka.

CHANDE: La kwanza, kununua kwa msimu...

SOMOE: Hilo ninaliuza kila siku. La pili?

CHANDE: La pili linahitaji maelezo. Siwezi kulisema kwa dakika mbili, nitaeleweka vibaya.

SOMOE: Basi yaache. Wenye maoni waandike wiki hii, ni hela au ni macho ya watu. Kaka Chande anasema macho.

CHANDE: Nasema macho, na bado hujanijibu kuhusu mchicha wa Desemba.

SOMOE: Nimekujibu. Matikiti.

CHANDE: Nimeuliza mchicha.

SOMOE: Na mimi nimejibu matikiti. Muda umekwisha, zima.