Teke la choki: namna ya kuuokota umeme unaopotea kwenye koili na mota

Kamwene, ndugu watazamaji! Niko Mafinga kwenye meza yangu ya kazi, asubuhi ya baridi ile ya kwetu ambayo vidole vinakataa kushika bisibisi.

Kabla ya kugusa waya, nieleze kwa nini nimewasha kamera. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea mota mbili alizozifunga kwa mkanda. Hela yake ya mahindi ilikuwa imeishia humo. Aliamini mota moja itaizungusha nyingine na zote zitajichaji zenyewe bila kukoma. Iliniuma sana. Ndugu yangu, hakuna saketi inayotoa umeme mwingi kuliko iliyopewa. Kilichopo ni umeme ambao umeshaulipia na saketi inaumwaga. Huo tunaweza kuuokota, na ndiyo kazi ya leo. Video ikikuahidi zaidi ya hapo, funga mfuko wako.

Vifaa vyenyewe: betri ya pikipiki ya volti 12. Choki ya taa ya tyubu ya wati 36, ile nzito ya chuma, nayo ni koili, yaani waya uliozungushwa juu ya chuma; usinunue mpya, waliohamia taa za LED wamezitupa, zimejaa kwa wauza vyuma chakavu. Dayodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Kapasita ya maikrofaradi 1000, volti 63, kitunza umeme cha muda. Swichi ya kengele ya mlangoni, balbu ndogo ya pikipiki, na mita.

Hatua ya kwanza, pima choki. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Yangu inasoma 30. Maana yake betri ya volti 12 itapitisha ampea 0.4, haizidi hapo.

Hatua ya pili, tuione cheche. Nazima taa ya chumba, nasogeza kamera karibu. Ncha moja ya choki iko kwenye chanya ya betri. Ncha ya pili nimeibana kwa plaizi yenye mpini wa plastiki. Naigusisha kwenye hasi: kimya. Sasa naiachanisha. Umeona? Cheche ya buluu, na kimlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Narudia. Kugusisha, hakuna kitu. Kuachanisha, cheche.

Tulia hapa kidogo, maana somo lote liko hapa. Umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa juu ya chuma, sehemu ya nguvu yake inatunzwa kama usumaku. Ukiikata njia ghafla, usumaku unaporomoka na kuusukuma umeme uendelee kulekule ulikokuwa unaelekea. Njia haipo tena, kwa hiyo volti zinapanda mpaka zinairuka hewa. Hilo ndilo teke la choki. Betri ni ya volti 12, lakini pale zimeruka mamia. Ndiyo maana nimeshika plaizi. Usishike ncha mbili za choki kwa vidole; nilifanya hivyo nikiwa najifunza ufundi, na mkono ulikufa ganzi.

Joseph Henry wa Marekani aliandika habari za cheche hii mwaka 1832, na kipimo cha koili kikaitwa henri kwa jina lake. Mafundi wa Land Rover za zamani wanaijua kwa mikono: pointi, yaani swichi ya kuwashia plagi, zikiachana, koili inapiga teke, plagi inachoma.

Hatua ya tatu, tuutegee umeme wa teke hili mtego. Chanya ya betri iende ncha ya kwanza ya choki. Ncha ya pili iende kwenye swichi, na swichi irudi hasi ya betri. Sasa dayodi: upande usio na mstari uguse ile ncha ya pili, pale choki inapokutana na swichi. Upande wenye mstari mweupe uende chanya ya kapasita. Hasi ya kapasita irudi kwenye ncha ya kwanza ya choki. Narudia, maana wengi wanakosea hapa: hasi ya kapasita haiendi kwenye hasi ya betri. Ukiipeleka huko, betri yenyewe itaijaza kapasita kupitia choki, nawe utashangilia ukidhani umeokota.

Bonyeza, uachie. Cheche imepotea, na mita kwenye kapasita inasoma karibu volti 7. Bonyeza tena, zinapanda. Mara tano, mita imeshapita 20. Acha hapo. Hizo volti hazikutoka moja kwa moja kwenye betri. Dayodi imeziba njia hiyo. Zimetoka kwenye usumaku.

Sasa tupige hesabu, na naomba usiruke sehemu hii. Nilishika swichi sekunde nzima. Volti 12 mara ampea 0.4 kwa sekunde moja ni jouli 4.8 (jouli ni kipimo cha nishati) zilizotoka kwenye betri. Choki ya aina hii ina kama henri 1.2, na ilichotunza ni nusu ya henri mara ampea mraba, yaani karibu jouli 0.1. Kapasita kwenye volti 7 imepokea kama jouli 0.025. Nimetoa karibu 5, nimeokota 0.025! Zilizobaki zimekwenda wapi? Weka kiganja juu ya choki baada ya kuibonyeza kwa muda mrefu. Ina uvuguvugu. Umeme wako ndio huo.

Choki hii inajaa ndani ya sehemu ya tano ya sekunde. Muda wote unaozidi hapo, betri inapasha waya moto tu. Kwa hiyo dayodi peke yake haitoshi. Lazima ufupishe muda wa kushika swichi. Ukiiachia mapema, umeme ukiwa bado mdogo, joto la waya linakuwa dogo sana na sehemu kubwa ya kilichoingia inarudi.

Kidole hakiwezi kasi hiyo, tunaweka transista, swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme. Mimi natumia IRF840, inayovumilia volti 500, ikiendeshwa na IC ya 555, chipu ndogo ya kupiga mapigo, mara 100 kwa sekunde, ikiwaka milisekunde 5 kila mara. Kwenye kapasita nimefunga kipande cha utepe wa LED wa volti 12, nacho kinawaka bila kuyumba. Angalizo: usiiwashe saketi hii bila mzigo. Volti zitapanda bila kikomo na kapasita itapasuka usoni mwako. Chaja ya simu ya kwenye gari ina mtindo huuhuu ndani yake, koili na dayodi, ila yenyewe inapiga maelfu kwa maelfu kila sekunde. Kwa kasi hiyo 1N4007 inachelewa kufunga, tafuta UF4007.

Kwenye mota ni hivyohivyo. Ukipunguza mwendo wa feni kwa transista, funga dayodi sambamba na mota, mstari ukielekea chanya. Niliisahau kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga, nikaunguza transista tatu usiku mmoja.

Mota ina zaidi. Hii ni ya feni ya rejeta. Nimetoa mapanga, nikaikaza puli nzito ya mashine ya randa. Naiwasha, inashika kasi. Nachomoa betri, haraka naunganisha balbu. Tazama: balbu inawaka, na puli inasimama mapema kuliko nikiiacha huru. Mwendo umegeuka kuwa mwanga, na mota imekuwa breki.

Kila ninaposhuka mlima Kitonga na kunusa breki za malori, nawaza hili. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 100 linaachia kama yuniti 8, zilezile tunazonunua kwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na karibu zote zinaishia kuwa joto.

Utauliza kwa nini usiirudishe ile ya puli kwenye betri. Pima: mota ikizungushwa na puli inatoa chini ya volti 12, na inazidi kushuka. Haiwezi kuisukuma betri ya 12. Hapo ndipo koili na transista zinaporudi kazini, kuzipandisha volti kwanza. Saketi hiyo tutaichora video ijayo, kwa koili ya waya mnene, maana choki ya taa haiwezi ampea za mota.

Kabla hujafunga meza: chomoa betri, kisha gusisha balbu kwenye miguu ya kapasita mpaka mita isome sifuri. Usitumie bisibisi. Kapasita iliyojaa haina dalili yoyote kwa nje, na watoto hupenda kuiokota.