Mimi na Mungu, wawili au mmoja?

Haya, mlioko nyuma mnanisikia? Poa. Juzi kijana mmoja kaniuliza, mwalimu hivi Wahindu wana miungu mingapi? Nkamwambia swali lenyewe limekaa vibaya, maana hata Rigveda, kitabu chao kitakatifu cha kale, ina mstari unaosema iliyopo ni moja tu ila wenye hekima wanaiita majina mengi, kwahiyo ukienda mahekalu ya pale Kisutu ukaanza kuhesabu sanamu utachoka bure. Kivumbi kiko kwenye swali lingine, je mimi na Mungu ni wawili au mmoja?

Mkristo anakwambia wawili. Mungu kaumba vyote pasipo kitu, mimi kiumbe, na hata mbinguni ntabaki kiumbe. Shankara, yule mwalimu wa kusini mwa India zamani huko, anasema hapana, ukichimba ndani kabisa nafsi yako na Brahman, yaani ule uhalisia mmoja ulio nyuma ya vyote, ni kitu kimoja, huo uwili ni kutojua tu, kama mtu kaona kamba gizani akatimua mbio akidhani nyoka.

Ila msiseme ndo Wahindu wote, hapo wengi wanachemka. Karne ya 13 kule Udupi, hukohuko kusini mwa India, alikuwepo mwalimu Madhva, huyu alimpinga Shankara waziwazi, roho na Mungu ni tofauti milele, Mungu ni Vishnu na wokovu unapatikana kwa neema yake. Mkristo anaweza kusema ameni kabisa, halafu mbele kidogo anakwama, sababu kwa Madhva roho hazikuumbwa, zipo siku zote, zinamtegemea tu Mungu.

Sasa uvumilivu. Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyefuata njia ya Shankara, aliposimama kwenye mkutano wa dini za dunia Chicago Septemba 1893 alisema sisi hatuvumilii tu, tunazikubali dini zote kuwa za kweli. Tamu eeh? Lakini siku chache baadae akafafanua, mtu hatoki kwenye uongo kwenda kwenye kweli, anatoka kweli ya chini kwenda ya juu. Ya chini ni ipi? Kwa wafuasi wa Shankara Mungu unayemwita Baba ukamwomba ugali wa leo ni hatua ya chini, yaani bibi yangu na rozari yake anakubaliwa, ila chekechea!

Na sisi Wakatoliki tusicheke sana, Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 1965 kuhusu dini nyingine, inautaja Uhindu kwa jina, inasema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu humo, na hapohapo inasema lazima limtangaze Kristo aliye njia. Ngazi ileile, safari hii tuko juu sisi.

Mi binafsi, na mnaweza kunizomea, Madhva hanisumbui hata kidogo, bora anayenambia usoni umekosea kuliko anayenipigapiga begani ati utaelewa ukikua. Mama pale mbele umenyoosha mkono kitambo, karibu.