Fundi wa udongo wa Amerika Kusini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo naomba tumtazame ndege mmoja tu, hornero, ambaye wataalamu humwita Furnarius rufus. Kwa sura hana makuu: kahawia mgongoni, mkia wa rangi ya kutu, koo jeupe, uzito kama gramu 50. Lakini tangu mwaka 1928 ndiye ndege wa taifa la Argentina, na heshima hiyo ameipata kwa ujenzi.

Kihispania, horno ni tanuri. Kiota chake ni kuba la udongo lenye umbo la tanuri la mikate, akilijenga juu ya tawi, nguzo ya uzio au paa la nyumba. Dume na jike hujenga pamoja. Mvua ikilainisha ardhi huchota tope, donge moja baada ya jingine, wakalichanganya na majani makavu na samadi. Sisi tuliokandika nyumba kwa mikono tunaijua siri hiyo: udongo mtupu hupasuka ukikauka. Kiota kikiisha hufika kilo 3 hadi 5. Hebu fikirieni, ndege wa gramu 50!

Ukichungulia mlangoni huoni yai hata moja. Ndani kuna ukuta uliopinda, unaotenga kijia chembamba na chumba cha kulalia kilichotandikwa nyasi. Mimi ukuta huo ndio unaonishangaza kuliko yote.

Hapendi msitu mnene. Utamkuta kwenye malisho, mashamba na bustani za miji, Argentina, Uruguay, Paraguay, Bolivia na Brazili, akitembea chini hatua kwa hatua kutafuta wadudu. Wawili hao huimba kwa kupokezana, mabawa yakitikisika, kuwaonya majirani wasivuke mpaka.

Kuna simulizi huko Brazili kwamba dume akisalitiwa humzibia jike mlango afie ndani. Simulizi hiyo inaniuma, kwa sababu haina ushahidi, nayo inamchafulia jina ndege ambaye hujenga na mwenzake, hupokezana naye kuatamia na kulisha makinda.

Mwaka unaofuata kwa kawaida hujenga kiota kipya. Kile cha zamani hubaki kikiwa kigumu bado, na mara nyingi huingia ndege mdogo wa manjano, Sicalis flaveola, akiwa na nyasi zake mdomoni.