Kicheko Kinamwangukia Nani? Mhadhara juu ya An Béal Bocht

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, waliowahi kunisikia nikikizungumzia kitabu hiki, riwaya iitwayo An Béal Bocht, watanivumilia, kwa kuwa nitayarudia yale yale, na nayarudia kwa sababu malalamiko nayo ni yale yale. Wasomaji wa riwaya hii hugawanyika: wapo wanaocheka hadi machozi, na wapo wanaoifunga wakinung'unika kwamba mwandishi amewadhihaki maskini wa magharibi ya Ayalandi, ambao hula viazi asubuhi na jioni, hulala nyumba moja na nguruwe, na hunyeshewa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nina neno na hao wa pili.

Brian O'Nolan, mtumishi wa serikali aliyelelewa katika lugha ya Kiayalandi, alikitoa kitabu hiki kwa lugha hiyo mwaka 1941, kwa jina moja la kubuni, Myles na gCopaleen. Tawasifu za wakulima na wavuvi wa pwani ya magharibi, ambazo anaziiga kwa mzaha, mnazifahamu, kwa hiyo naziruka.

Twendeni kwa nguruwe. Serikali imeahidi pauni mbili kwa kila mtoto anayezungumza Kiingereza. Babu yake Bonaparte, mhusika mkuu, hana watoto wa kutosha, ila ana vitoto vya nguruwe. Basi anavivika nguo na kuviweka gizani, na mkaguzi anapofika na kusikia ile migumio, anaridhika kwamba nyumba imejaa watoto wenye Kiingereza. Baadaye mmoja wa vitoto hivyo anapotea akiwa na nguo zake mwilini. Wakati huo bwana mmoja kutoka Dublin anazunguka na mashine ya kunasa sauti akitafuta Kiayalandi kisichochafuliwa, lakini watu wakikaa mbele ya mashine wanabana midomo. Usiku mmoja kiumbe fulani anajibwaga ndani mlangoni, anaguna na kukoroma mfululizo, na bwana yule ananasa kila mgumio kwa furaha kubwa, kwa kuwa amefundishwa kwamba Kiayalandi kizuri ni kigumu na kilicho bora kabisa hakieleweki. Anaipeleka sauti ile Berlin, wataalamu wanaisikiliza kwa unyenyekevu, naye anatunukiwa shahada.

Sasa naomba mwenye malalamiko anijibu: katika kisa hiki mjinga ni nani? Ni babu aliyekwisha kuikamua serikali, au ni msomi aliyepita mbele ya binadamu wanaoizungumza lugha, akawaona hawana maana, akaenda kumpigia magoti nguruwe?

Najua nitaambiwa kwamba wanakijiji nao wamechorwa wavivu na wenye mikosi isiyokwisha. Ni kweli, na hakuna aliyedai kwamba O'Nolan alikuwa mpole. Lakini someni sura ya tamasha la Kiayalandi, ambamo wapenzi wa lugha wamekuja kijijini kutoka mjini na kiongozi anahutubia juu ya uzuri wa kuzungumza Kiayalandi kwa Kiayalandi kuhusu Kiayalandi, huku wasikilizaji wakianguka kwa njaa, na hakuna mgeni hata mmoja anayewauliza kama wamekula. Msomaji anayeona aibu badala ya kucheka hapo hajakosea sana. Amekosea pale tu anapodhani kwamba aibu hiyo ni ya wanakijiji.

Nilikuwa na mengi juu ya shule, ambako kila mtoto hupigwa kichwani na kuambiwa kwamba jina lake ni Jams O'Donnell, na juu ya tafsiri ya Kiingereza ya Patrick C. Power ya mwaka 1973, lakini nguruwe amekula muda. Nitagusa mahakama tu. Bonaparte anahukumiwa kifungo cha miaka 29 kwa Kiingereza, lugha asiyoielewa, na msomaji wa mbali huona kwamba hapo mwandishi amepitiliza. Lakini jambo la namna hiyo lilikwisha kutokea kweli: Maolra Seoighe, mkulima wa Maamtrasna, magharibi ya Ayalandi, aliyejua Kiayalandi tu, alishtakiwa kwa mauaji mbele ya mahakama iliyoendeshwa kwa Kiingereza, akanyongwa mjini Galway mwezi Desemba mwaka 1882 akisisitiza kwamba hana hatia. Msamaha wa rais wa Ayalandi ulimfikia mwaka 2018. Wasomaji wa Kiayalandi wa mwaka 1941 hawakuhitaji tanbihi kuelewa sura ile. Anayeshikilia bado kwamba inawacheka wanakijiji, na awe wa kwanza kuuliza swali.