Mafuta yamepanda tena hapa Houston: ninavyobana ili hela ya nyumbani isikatike

Jamani habari zenu, shikamooni wakubwa wote, wadogo zangu marahaba, karibuni tena. Leo narekodia ndani ya gari, nimepaki hapa nje ya apatimenti, Alief, upande wa kusini magharibi wa Houston, na injini nimezima ndo maana mnaniona jasho linanitoka, ntawaambia baadae kwa nini nimezima.

Sasa video iliyopita nilisema mwezi huu hela ya kutuma nyumbani Tanzania imeyumba kwa sababu ya mafuta. Komenti zilikuja nyingi sana na nimezisoma zote, kuna aliyesema dada si uache hiyo gari upande daladala kama sisi, mwingine akasema unakaa Texas kunakochimbwa mafuta alafu unalalamika bei. Ni maswali ya haki kabisa na nataka niyajibu vizuri, kwa sababu nikijibu mtaelewa kwa nini mtu wa huku anakwambia subiri wiki ijayo na hakudanganyi.

Kwanza bei yenyewe. Huku mafuta yanauzwa kwa galoni, galoni moja ni kama lita 3.8. Jana nimejaza kwa dola 3 na senti 89, na pale juu ya bango kuna katisa kadogo kameandikwa pembeni, hako maana yake ni sehemu tisa za kumi za senti, kwaiyo kiukweli ni 3.90 kasoro kidogo sana. Ukigawanya, lita moja ni kama dola moja na senti mbili tatu hivi, zidisheni wenyewe kwa reti ya leo ya shilingi muone. Na kitu kinachowashangaza wageni wote, huku hakuna EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji ya nyumbani, ya kutangaza bei kikomo kila mwezi. Nyumbani Jumatano ya kwanza ya mwezi unajua bei ni hii mpaka mwezi ujao, hapa kila sheli inajipangia, asubuhi unapita bango linasema hivi, jioni unarudi wamebadilisha.

Na hilo la Texas kuwa na mafuta ni kweli, viwanda vya kusafisha mafuta viko hapa hapa, ukienda upande wa Baytown na Pasadena unaviona usiku taa zinawaka kama mji mwingine. Na kweli tunapata nafuu kuliko wenzetu wa California, kodi ya mafuta ya jimbo hapa ni senti 20 kwa galoni, ukijumlisha na ya serikali kuu senti 18.4. Lakini mafuta ghafi yanauzwa kwa bei ya dunia nzima, aliyeyachimba hapa hakuuzii wewe kwa huruma eti kwa sababu we ni jirani yake. Mnakumbuka 2022 vita ya Ukraine ilivyoanza, mwezi wa 6 wastani wa Marekani nzima ulivuka dola 5 kwa galoni, na mwezi huo huo nyumbani serikali ikaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei isipande zaidi. Ni moto ule ule ulituunguza wote.

Sasa hilo la daladala. Wapendwa, mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, naogesha, nawapa dawa, napika, naenda kwa mtu mwingine. Mmoja yuko Katy, huko ni maili 20 kutoka hapa, yaani kilomita 32, na basi la kunifikisha mlangoni kwake saa 12 asubuhi halipo. Huku gari ndo miguu, ukikosa gari umekosa kazi. Mabasi ya METRO yapo, nauli dola moja na senti 25, na mimi nayapanda, nikiwa na miadi kule kwenye hospitali za Texas Medical Center napanda basi linalopita Bellaire maana kule paking peke yake ni hela. Lakini kwa kazi yangu basi haliwezekani. Kwaiyo gari si la starehe, ni nauli yangu ya kila siku, na nauli ikipanda kinachopungua ni kile kinachobaki, na kinachobaki ndo kinaendaga Muheza kwa mama.

Haya, nimebanaje. Nilivyoanza nilikuwa nakosea kama wengi wanavyokosea, nilidhani dawa ni kutafuta sheli ya bei rahisi. Kuna programu za simu kama GasBuddy zinakuonesha bei za sheli zote za karibu, ni nzuri na bado natumia, lakini sikilizeni hesabu hii. Kuna siku niliona sheli imeshusha senti 10 kwa galoni, iko maili 8, nikaenda. Nilijaza galoni 11, nimeokoa dola moja na senti 10. Kwenda na kurudi maili 16, gari yangu ni Corolla inakula galoni moja kwa maili 30, nimechoma nusu galoni na zaidi, ni kama dola mbili. Nimepoteza, na nusu saa yangu imeenda. Tangu siku hiyo sheli naangalia ile iliyo njiani kwangu tu, siendi sehemu kwa ajili ya mafuta.

Ndo nikachukua daftari. Hili hapa mnaliona, limechakaa kidogo. Kila nikijaza naandika tarehe, maili, galoni, hela. Baada ya wiki mbili nikakaa nikaliangalia nikaona tatizo haliko sheli kabisa, tatizo ni ratiba. Asubuhi nilikuwa naenda Katy maili 20, narudi nyumbani maili 20, mchana naenda Pearland kwa bibi mwingine maili 25, narudi 25. Maili 90 kwa siku, siku tano ni maili 450, galoni 15, kwa bei ya sasa dola 58 kwa wiki. Na kumbe kuna dada tunafanya nae kazi, yeye anakaa huko huko Pearland alafu kila siku anakuja Sugar Land ambako kwangu ni maili 10 tu! Yaani tulikuwa tunapishana barabarani kila mtu anachoma mafuta kwenda kwa mwenzie.

Nilimpigia kwanza yule dada, tukakubaliana, alafu tukaenda kwa anayepanga ratiba ofisini tukamwomba atubadilishie. Nilikuwa naogopa kusema ukweli, maana yule bibi wa Pearland tulizoeana sana, nilimzoea mpaka anavyopenda chai yake, nikaenda kumuaga vizuri nikampeleka na mwenzangu nikamwonesha kila kitu. Sasa hivi naenda Katy maili 20, nikitoka naunganisha moja kwa moja Sugar Land maili 20, narudi nyumbani 10. Maili 50. Kwa wiki ni 250, galoni 8 na kidogo, dola 32. Nimeokoa dola 26 kwa wiki, kwa mwezi zaidi ya 100, na dola 100 mnaijua nyumbani inafanya nini. Hakuna sheli duniani ingenipa punguzo hilo. Kwaiyo mtu wangu uliyeko huku unanisikiliza, kabla hujahangaika na senti za kwenye bango, andika safari zako za wiki moja kwenye karatasi, kila safari, hata ya dukani, alafu ziangalie.

Wikiendi pia tumebadilisha. Kuna dada jirani yangu ni Mkongo, mtu wa Bukavu, tunasalimiana kwa Kiswahili kila siku lakini kila mtu alikuwa na gari lake kwenda kanisa lile lile na soko lile lile. Sasa Jumamosi moja gari lake, nyingine langu, vitu vya wiki nzima vinanunuliwa siku hiyo moja, na kama umesahau vitunguu basi utapika bila vitunguu mpaka Jumamosi. Na tumepata undugu humo humo, Kiswahili chake na changu vinapishana maneno, njia nzima tunafundishana.

Kitu kingine ni upepo wa tairi, na hiki ni chenu pia mlioko nyumbani wenye bodaboda na bajaji. Kama ni gari, fungua mlango wa dereva, pale kwenye fremu kuna kistika kinakwambia tairi zako zinataka upepo kiasi gani. Cha kwangu kinasema 33. Mwezi wa kwanza baridi ilipoingia nilitoka alfajiri kabla sijaendesha nikapima, tairi la nyuma kushoto lilikuwa 26! Kwa macho huoni kitu, tairi limesimama vizuri tu. Upepo ukipungua gari linavutwa chini, injini inafanya kazi zaidi, na tairi lenyewe linaliwa pembeni. Sheli nyingi hapa upepo wanauza, dola moja na nusu, mbili, kwaiyo nikanunua kapampu kadogo ka kuchomeka pale pa kuwashia sigara, hako nimekaweka kwenye buti. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, ukishaendesha inasoma juu inakudanganya.

Mwendo nao. Hiyo barabara ya kwenda Katy ni pana sana, kuna sehemu inafika leni 26 ukihesabu na zile za pembeni, na watu wanakimbia 75, 80. Gari likishapita maili 50 kwa saa linaanza kupigana na upepo na mafuta yanaenda haraka, mimi nakaa leni ya kulia 60, 62, naondoka nyumbani dakika tano mapema, basi. Na injini nimezima hapa kwa sababu gari ikiunguruma imesimama inaweza kula robo mpaka nusu galoni kwa saa na hujaenda popote, nenda shuleni saa ya kuchukua watoto uone mstari wa magari yanaunguruma nusu saa nzima. Joto la Houston ni kali, silaumu mtu mwenye mtoto mchanga, mimi napaki kivulini nafungua vioo.

Punguzo la dukani lipo pia. Mimi chakula nanunua supamaketi ya Kroger, kila dola inakupa pointi moja, pointi 100 ni senti 10 kwa galoni, mpaka ukifika 1,000 ni dola nzima. Mwezi uliopita nilikuwa na 600, unafika kwenye pampu yao unaingiza namba yako ya simu, unaona bei inashuka mbele ya macho yako, 3.89 inakuwa 3.29. Galoni 11 nimeokoa dola 6 na senti 60. Ni vizuri, ila zitumie mapema, pointi za mwezi huu mwisho wake ni mwisho wa mwezi unaofata. Na usinunue vitu usivyovihitaji kwa ajili ya pointi, hapo umeliwa. Alafu weka regula, yaani petroli ya kawaida, ile 87, kama kitabu cha gari hakijasema vingine, ile 93 ya bei juu haiisaidii Corolla kitu.

Sasa hili la mwisho linaniuma bado. Kuna sheli sitaitaja, nilichomeka kadi yangu ya benki pale kwenye pampu nikaweka mafuta ya dola 20 tu. Kwenye akaunti nilikuwa na 140. Jioni nataka kumtumia mama dola 60 ya dawa za presha, inakataa. Naangalia, kumbe sheli imeshikilia dola 125! Wanaweza kufanya hivo, ukichomeka kadi kabla ya kujaza hawajui utajaza ya shilingi ngapi kwaiyo wanashika kiasi kikubwa, alafu wanaachia baadae. Baadae yenyewe ilikuwa siku mbili. Ilikuwa Ijumaa usiku, nikampigia mama nikamwambia vumilia mpaka Jumatatu, akasema hamna shida mwanangu, na mimi najua dawa zilikuwa zimebaki mbili. Nililia humu humu ndani ya gari.

Tangu hapo kama hela ni ya kuhesabu sichomeki kadi kwenye pampu. Naingia ndani kwa keshia, namwambia pampu namba 6, dola 20, nalipa, inakatwa 20 tu. Na ukiingia ndani angalia pia lile bango, sheli nyingine bei kubwa iliyoandikwa ni ya keshi, ukilipa kwa kadi wanaongeza senti kadhaa kwa galoni na wameiandika kwa herufi ndogo chini.

Basi wapendwa, saa imefika, yule dada wa Bukavu huyo anashuka ngazi na mifuko yake, leo ni zamu ya gari langu. Niandikieni hapo chini lita ni shilingi ngapi huko mliko na nyie mnabanaje, hasa madereva wa boda, ntasoma zote. Na mama, najua mdogo wangu anakuoneshaga hizi video, ya dawa nimetuma jana usiku, ya miezi miwili, meseji iko kwenye simu yake, mwambie aende leo leo kabla duka la dawa halijafunga.