Hiyo "nimejitahidi" ndo inatuangusha

Wazee shikamooni, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Leo nataka tuliangalie neno moja tunalolipenda sana huku Moshi, kujipongeza. Mtu kamaliza kupalilia kahawa, kalipa ada ya watoto, utasikia twende tukajipongeze, na hakuna anaeuliza tunaenda wapi.

Mimi nimevuta sigara miaka 12. Nilipojaribu kuacha mara ya tatu nilifikisha siku 23 bila hata pafu moja. Siku ya 23 ilikua Jumamosi, kuna msiba kwa jirani kule Pasua, nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimebeba viti, nimefunga turubai, nimechota maji, wamama wananiambia Mungu akubariki mwanangu, yani moyo ulikua mweupe kabisa. Saa mbili usiku narudi nyumbani napita kibandani, nashtukia nishasema nipe moja. Sikua na stresi, hakuna alieniudhi, wala sio arosto. Kile kiberiti cha gesi kimefungwa kamba pale dirishani, nikawasha palepale, na kichwani kulikua na kitu kimoja tu, leo nimefanya mema mengi, moja haina neno. Wiki ile nilimaliza pakiti tatu.

Nilidhani ni udhaifu wangu peke yangu mpaka nilipokuja kusoma. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Ayelet Fishbach na Ravi Dhar, walichukua watu wanaopunguza uzito, baadhi wakafanywa waone wamepiga hatua kubwa, alafu wote wakapewa wachague tunda la tufaha au chokoleti. Waliojiona wamefika mbali, asilimia 85 walichukua chokoleti, wale wengine 58. Na Taiwan mwaka 2011 wavutaji waligawiwa vidonge visivyo na dawa yoyote, ila wengine wakaambiwa ni vitamini, basi hao wa vitamini ndo wakavuta zaidi. Hebu fikiria, kidonge cha bure tu kinampa mtu ruhusa.

Shida ni kwamba kuacha tumekugeuza wema. Kila siku usiyovuta unaitumbukiza kwenye kibubu, na kibubu jamani hakuna asiejua kinaishiaje, kinavunjwa. Ndo mana mtu anamaliza Kwaresma nzima hajaonja mbege, alafu Pasaka jioni anabebwa.

Haohao kina Fishbach waliona ukimuuliza mtu umefika wapi anajiachia, ila ukimuuliza umelishikilia kiasi gani lengo lako anaendelea nalo. Hapo mimi nilikaa nikatafakari sana. Mtoto wangu wa kwanza ana pumu. Usiku akibanwa tunamkalisha kitandani, mama yake anamshika mgongo, mimi natafuta ile pampu gizani, na shati langu linanuka moshi. Hiyo ndo sababu yangu, na haijalishi leo nimebeba viti vingapi.

Mara ya nne sikuhesabu siku. Wakiniuliza una muda gani siwajibu, mana nikishataja namba tu najisikia nimestahili kitu. Kibanda kipo, kiberiti bado kinaning'inia, nikifika pale nataja jina la mwanangu kimoyomoyo, nanunua mkate, naondoka.

Mama yangu pale nyuma naona umenyoosha mkono, karibu uulize.